Kofia ya Njano Mtoni Tarrow

15 Mei
Kisheria msimu wa kuogelea umefunguliwa leo. Mto haujaarifiwa. Joto nyuzi kumi na moja, mvua milimita 2. Majini bata wawili, ambao walikuwemo kabla ya sheria.

16 Mei
Kikao ukumbini. Hilary Bostock alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita, na hadi leo anaongea na mtu mzima kana kwamba amemkuta na pipi mdomoni. Ametueleza tena. Tunaiomba serikali iutambue mto wetu kuwa maji rasmi ya kuogelea. Ikikubali, italazimika kutuma mtu kila wiki achote chupa ya maji, ayapime, na matokeo yabandikwe kwenye ubao pale darajani. Sasa hivi hakuna anayepima. Mvua kubwa ikinyesha, kampuni ya maji hufungua bomba lake upande wa juu wa kizingiti cha mawe kinachokata mto, majitaka huingia mtoni, na kwa kuwa hakuna aliyepima, hakuna kilichotokea.

Masharti ni kuhesabu waogeleaji siku ishirini ndani ya msimu, na wastani ufike mia moja kwa siku. Jumla elfu mbili. Hesabu nimepewa mimi, maana nimepima mvua bustanini kwangu miaka thelathini na moja na watu wanadhani anayeweza kuhesabu matone anaweza kuhesabu vichwa.

"Anahitajika mwenzake wa ukingo wa pili," Hilary akasema. "Na asiwe mwenzetu. Tukijihesabia wenyewe watasema tumejiongezea. Nataka adui."

Denzil Roper, mwenyekiti wa wavuvi wa ndoano, ambaye ameandika barua saba gazetini kwamba waogeleaji wanawatia samaki kichaa, akainua mkono. "Adui yupo, mwalimu. Kuna biskuti?"

17 Mei
Siku ya kwanza ya kuhesabu. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, mimi ukingo wa kwetu, Denzil ng'ambo. Anayeingia majini hadi kiunoni anahesabiwa. Anayelowesha vidole na kupiga kelele hahesabiwi. Mbwa hahesabiwi, ingawa ndiye pekee aliyeonyesha furaha.

Saa tatu kasoro nilimwachia Denzil kingo zote mbili nikaenda nyumbani kusoma kipima mvua. Ni dakika nane kwa miguu. Kanuni ni ileile tangu nianze: kinasomwa saa tatu kamili, si kabla, si baada, na maji utakayoyakuta unayaandika chini ya tarehe ya jana, kwa kuwa yanahesabiwa ni ya jana. Marehemu mke wangu, Avis, alikuwa akisema huu ni mchezo wa watu wazima wanaoogopa kustarehe.

Jioni tulikutana darajani kulinganisha. Mimi 42, yeye 41.

"Umemtoa wapi huyo mmoja?" Denzil akauliza.

"Upande wa juu, kwenye ile mizizi ya ukingoni. Mwenye kofia ya njano."

"Sikumwona."

"Aliingia niliporudi kutoka nyumbani."

Akatazama saa yake, kisha akatazama tumbo lake. "Andika yako, Bwana Mvua. Nina njaa." Tukaweka sahihi.

18 Mei
Milimita 0.

24 Mei
Siku ya pili. Mimi 67, Denzil 66. Akaguna, akatia sahihi.

1 Juni
Siku ya tatu. Mimi 88, yeye 87. Lazima nikiri kwamba Denzil anajua kuhesabu. Alikuwa mchinjaji miaka arobaini na hajawahi kumpa mtu soseji ya ziada. Tofauti yetu ni mmoja tu, na ni yuleyule.

Nilipotoka kusoma kipima mvua, alikuwa tayari majini. Kofia ya njano, mgongo kwangu, anaogelea kwenda juu. Hageuki.

Avis alikuwa na kofia ya njano. Wenye kofia za njano nchi hii ni wengi.

2 Juni
Nimeitafuta kofia yake. Iko kwenye droo, chini ya glavu. Imekauka na kugandana kama ganda la chungwa. Nimeirudisha.

9 Juni
Milimita 11. Bomba limemwaga asubuhi yote. Bata wamehamia kwenye bwawa la gofu. Ukiwaona bata wanahama, ujue.

22 Juni
Nyuzi thelathini na moja. Mji mzima umevua nguo. 163, na Denzil 162. Kijana mmoja aliruka kutoka darajani akapoteza kaptula; mama yake akamwambia Denzil, "Yule usimhesabu, si wa kwangu." Hilary alipita na ubao wake, uso umemwiva kwa jua na kwa furaha. "Mia na sitini! Nyinyi wawili mngekuwa wanafunzi wangu ningewapa nyota."

"Mimi ni mpinzani," Denzil akamkumbusha.

"Basi nyota ya mpinzani."

29 Juni
118 kwa 117.

12 Julai
214, Denzil 213. Safari hii hakutia sahihi. Alivuka daraja akaja akakaa kwenye benchi langu, akamimina chai kutoka kwenye chupa yangu bila kuomba.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha mizizi, pale ukingo unapokunja.

"Nakaa hapa leo hadi jua litue," akasema. "Akitoka nitamwona."

Tulikaa. Watoto walilia, mtu alipoteza kiatu, jua likashuka. Hakutoka mtu.

"Anavaa nguo gani?" akauliza mwishowe.

"Bluu. Mshono wa begani umefumuka kidogo, ameushona kwa uzi mweupe kwa kuwa wa bluu ulikwisha."

Kutoka benchi hadi mizizi ni mita hamsini. Hakuna mwenye macho ya kuona uzi mita hamsini, na Denzil anajua. Alikunywa chai yangu yote. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya 214, akarudi ng'ambo kukunja viti vyake.

Mimi nilikuwa nimemchukulia kuwa mtu mnene mwenye kelele. Bado ni mnene.

13 Julai
Milimita 0. Sikutoka.

26 Julai
Siku ya kumi na moja. 131 kwa 130. Denzil hakuuliza. Alisema tu, "Na wako," akaongeza mmoja kwenye ukurasa wangu kwa mkono wake.

2 Agosti
Mvua, kisha jua, kisha mvua. 59 kwa 58.

13 Agosti
Leo si siku ya kuhesabu. Nilikwenda hata hivyo, nikakaa.

Nitaandika, kwa kuwa nimeandika milimita za miaka thelathini na moja na hili sijaliandika popote.

Miaka miwili iliyopita, tarehe hii, saa moja kasoro, Avis alikuwa mlangoni mwa jikoni na taulo shingoni. Aliogelea kila asubuhi kuanzia Mei hadi maji yalipomshinda. Mimi sikuogelea, mimi nilikuwa mtu wa kukausha taulo. Ardhi ilikuwa imelowa. Alikuwa anafunga kofia chini ya kidevu.

"Lionel, usiku ilinyesha sana?"

Nilikuwa nakula mkate. Nikamwambia, "Nitakuambia saa tatu."

Akacheka. Akaenda.

Kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye kipima mvua ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile na hazijaongezeka. Ningeweza kwenda na mkate mkononi. Ningeinua ile faneli ya kukinga mvua, ningetazama, ningemwita kabla hajafika getini. Lakini kipima mvua kinasomwa saa tatu.

Saa tatu nilisoma milimita 34. Wakati huo alikuwa amesharudi, ameoga, yuko jikoni anachomoa mwiba kisiginoni. Nikamwambia, "Thelathini na nne." Akasema, "Loo, ndiyo maana maji yalinuka."

Kisigino kilivimba siku ya tatu. Sumu ikaingia damuni. Siku ya kumi na moja nilirudi kutoka hospitali na viatu vyake ndani ya mfuko wa karatasi. Niliuliza kama ni mto. Daktari alikuwa kijana mwenye huruma na usingizi. "Huenda ni mto, Bwana Tranter. Huenda siyo. Maji yale hayapimwi, kwa hiyo sina cha kulinganisha." Kwa hiyo hakufa kwa mto. Hakufa kwa kitu chochote kilichopimwa.

Kitabu changu nacho ni shahidi mbaya. Zile 34 ziko chini ya tarehe 12, kama kanuni inavyotaka. Ukifungua tarehe 13, siku aliyoingia majini, utakuta sifuri kwa mwandiko wangu mzuri. Siku kavu.

Ndiyo maana nahesabu. Nataka aje mtu na chupa.

Leo hakuonekana kwenye mizizi. Inaelekea huja siku za kuhesabu tu. Alikuwa mwanamke asiyependa kupoteza muda.

14 Agosti
Milimita 1.

24 Agosti
Siku ya kumi na tano. 140 kwa 139. Nilipotoka kusoma, alikuwa tayari majini.

7 Septemba
Siku ya kumi na nane. Baridi inaanza. 48 kwa 47. Hilary ameanza kupiga hesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu pointi za timu yake. Anaogelea kila tunapohesabu na anajihesabia mwenyewe akipita: "Mmoja wa kwenu huyo, waungwana!"

Zamani nilidhani anaupenda mto kwa ajili ya uenyekiti wa kikao chetu. Leo nimemwona anapoingia: anasimama maji yakiwa magotini, anatazama upande wa juu, kwenye mizizi. Kila mara, kabla ya kuzama. Sikuwa nimegundua. Nilikuwa natazama hukohuko.

14 Septemba
Siku ya kumi na tisa. 36 kwa 35. Nimejumlisha mara tatu. Tuna 2,006, na siku moja imebaki.

Hilary amenibusu shavuni mbele ya watu. "Tumeshafika! Hata siku ya mwisho ikiwa sifuri, tumefika."

Nilikwenda nyumbani nikajumlisha ukurasa mwingine, ule wa Denzil. 1,987. Tofauti ni kumi na tisa, siku kumi na tisa.

Sasa nimejua ukubwa wa nilichofanya. Nimepima kwa uaminifu maisha yangu yote, kisha katika hesabu pekee yenye maana nimetia mtu asiyepimika. Lakini bado iko njia. Siku ya mwisho tukipata watu kumi na tatu tu, wa nyama na mifupa, basi hata bila yeye tunafika elfu mbili. Uwongo wangu utafunikwa na ukweli na hakuna atakayehitaji kujua. Hilary ametangaza "kuzama kwa mwisho" tarehe 28. Wanakuja tisini, na keki.

Kumi na tatu. Hata Mungu angenipa kumi na tatu.

21 Septemba
Milimita 0. Kavu wiki nzima.

26 Septemba
Milimita 0. Mto umeshuka, umetulia, unaonekana kokoto. Denzil anasema hajaona maji safi hivi tangu wajinga wagundue kuogelea.

28 Septemba
Niliamka saa moja kwa sauti ya mfereji wa paa.

Nilikaa kitandani. Nikajiambia ni manyunyu. Nikajiambia watu wazima wana akili, wataona wenyewe ardhi imelowa. Nikajiambia kitu kingine pia, na nitakiandika: kipima mvua kinasomwa saa tatu. Wao wanaingia saa mbili. Ningefuata kanuni yangu tu, kama nilivyoifuata miaka thelathini na moja, na hadi nitakaposoma, kumi na tatu wangu wangekuwa wameshaingia na kutoka. Hakuna ambaye angenilaumu. Mara ya kwanza pia hakuna aliyenilaumu.

Nikashuka. Hatua kumi na mbili, kwa ndara, koti juu ya pajama. Nikainua faneli saa moja na nusu asubuhi. Mikono ilikuwa kama ya mwizi. Nikamimina kwenye bilauri ya kupimia.

Thelathini na moja.

Nilikwenda hivyohivyo, bilauri mkononi, nimeifunika kwa kiganja isimwagike. Sijui kwa nini sikuimwaga. Dakika nane, nilitumia dakika tano. Walishaanza kufika wakati huo, majoho na mataulo na chupa za chai, watoto wanarukaruka wapate joto. Mto ulikuwa umepanda kidogo tu. Rangi yake nzuri. Huwa nzuri saa ya kwanza.

"Msiingie," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikapanda juu ya benchi. "Msiingie! Bomba litakuwa limefunguka!"

"Babu, shuka utaanguka," mwanamke mmoja akasema.

"Tumeendesha gari saa nzima!" mwanamume akapaza sauti. "Maji yale pale, safi! We mzee umevaa pajama unatuambia nini?"

Denzil alikuwa ng'ambo, anafungua kiti chake. Aliponiona akakiacha kikaanguka, akaanza kukimbia kuelekea darajani. Sikuwahi kumwona Denzil akikimbia. Samaki pia, nadhani.

Hilary akaja na bati la keki kifuani. Akaongea polepole, kama na mtoto. "Lionel. Sasa hivi ni saa mbili kasoro robo. Bado hujasoma."

"Nimesoma."

Akanitazama. Akatazama bilauri. Miaka thelathini na moja ananifahamu. Mara mbili aliniomba nisome mapema kwa ajili ya sherehe ya shule na mara mbili nilimkatalia. Uso wake ulibadilika.

"Ngapi?"

"Thelathini na moja."

Akaweka keki chini kwenye majani. Akageuka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya miaka ishirini na sita. "Hakuna anayeingia majini. Hakuna! Wewe mwenye kaptula nyekundu, rudisha huo mguu."

Mguu ukarudi.

Walilalamika, wakala keki, wakaondoka. Saa tatu kitu cha kahawia kilianza kushuka kutoka juu ya kizingiti, polepole, kama chai inapomwagika mezani. Saa nne vitambaa vya chooni vilikuwa vimening'inia kwenye mizizi yote ya upande wa juu. Yule mwanamume wa gari alikuwa bado yupo. Alitazama muda mrefu, akawashika watoto wake mikono, akaniinamishia kichwa.

Mimi na Denzil tulihesabu hadi saa kumi, maana ni siku ya kuhesabu. Tulikaa benchi moja.

"Sifuri," akasema.

"Sifuri."

Hakuandika mara moja. Alizungusha kalamu. "Hata yule wako?"

Nilikuwa nimetazama mizizi ile tangu asubuhi. Maji, vitambaa, matawi.

"Hata yeye. Leo nimemwambia mapema."

Denzil akaandika. Ni mara ya kwanza msimu huu tumelingana.

29 Septemba
Nilikwenda kwa Hilary kumwambia. Denzil alinifuata bila kualikwa, akasema ni shahidi wa upande wa utetezi. Nilimwekea Hilary kurasa mbili mezani, ya kwangu na ya Denzil, nikaeleza kumi na tisa ni nini. Nilieleza vibaya. Denzil alitazama dari.

"Elfu moja mia tisa themanini na saba," Hilary akasema. "Watu kumi na tatu, Lionel. Na jana walikuwepo tisini."

"Ndiyo."

"Mwalimu, mwache humohumo," Denzil akasema. "Mimi ndiye mpinzani na mimi nimetia sahihi. Kama kuna mtu anayestahili kuhesabiwa kwenye mto ule ni Avis."

Hilary aliondoka akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo.

"Asubuhi ile niliingia naye. Hukuwahi kuniuliza. Nilimuuliza kama maji yako sawa. Akasema, 'Lionel atatuambia saa tatu.' Tulicheka, tulicheka kama wasichana. Mimi nilisikia baridi nikatoka kabla yake. Sikukanyaga mwiba. Basi, ni hivyo tu."

Miaka miwili nimekaa dakika kumi kutoka nyumba hii nikidhani nimebeba peke yangu.

Akarudi mezani, akakata 2,006 kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, akaandika 1,987. "Tukitaka wao wapime kwa ukweli," akasema, "hatuwezi kuanza hivi." Kisha akajaza fomu kwenye kompyuta. Alipoandika wastani, tisini na tisa na ushei, kisanduku kikageuka chekundu na fomu ikagoma kwenda mbele. Akakilaani kwa neno ambalo shuleni angefukuzia mtu.

"Basi mwakani," akasema. "Tarehe kumi na tano Mei. Na barua nitaituma hata hivyo, na kitabu chako cha mvua ndani yake, wapende wasipende."

"Mwakani mimi nakaa ukingo wa juu," Denzil akasema. "Kule kwenye mizizi. Mtu awe karibu."

30 Septemba
Kisheria msimu umefungwa. Bata wamerudi. Nimempa Hilary kitabu apige nakala. Kabla ya kumpa nilifungua ile Agosti, tarehe 13, na pembeni ya sifuri nikaandika kwa kalamu ya risasi: 34, zilinyesha kabla hajaingia.

Zile 31 za juzi nilikuwa sijaziandika. Sikujua ziende chini ya siku ipi.

1 Oktoba
Hatua kumi na mbili. Saa kumi na mbili na nusu, giza bado kidogo. Milimita 4. Nimeziandika chini ya leo.